Mama Aliyeajiriwa Kula

Mume wake, fundi mwashi ambaye magoti yake yalistaafu kabla yake, alikuwa na mzaha mmoja asiouchoka. Mgeni yeyote akiuliza mkewe anafanya kazi gani siku hizi, mzee alijibu: "Wenzake wanatoka jasho ndipo wale. Huyu anakula mpaka anatoka jasho, na anaitwa mfanyakazi."

Wageni walicheka, na mama mwenyewe alicheka nao, kwa kuwa haikuwa uongo. Kila siku ya zamu alipanda ngazi mpaka ghorofa ya pili ya hospitali, akafunga aproni, akanawa mikono, akaketi kwenye meza ndefu pamoja na wagonjwa sita, akala. Alikula kile kile walichopewa wao, kijiko kwa kijiko, mpaka dakika thelathini za mlo ziishe. Wagonjwa walimbandika jina la Nusu Saa, nalo likamganda mpaka wauguzi wakasahau jina la kwenye kitambulisho chake.

Kabla ya hapo alikuwa mpishi wa jiko la chini, miaka kumi na tisa. Siku moja sufuria la maji ya moto lilimponyoka likamuunguza mkono wa kulia, kuanzia kiwiko mpaka vidoleni. Ngozi ilipona lakini ilikaza, mkono ukawa haukunjuki sawasawa, na jikoni hakuna kazi ya mkono mmoja. Alikuwa akingoja barua ya kuachishwa pale mtaalamu wa lishe aliposhuka kumtafuta. Alikuwa kijana mwembamba wa miwani, mwenye kalamu tatu mfukoni na zote hazina vifuniko. Hospitali nzima ilimwita Bwana Lishe.

"Mama, nasikia wewe huogopi chakula."

"Kwani chakula kinaogopwa?"

"Huko juu kinaogopwa."

Akampeleka kuona. Walikuwepo watu waliojinyima mpaka miili ikaanza kujila yenyewe, na wengine waliokula kwa pupa kisha wakaenda kujitapisha kwa siri. Kulikuwa na msusi wa miaka ishirini, karani wa benki, mama wa watoto watatu. Hakuna aliyekuwa na ishara ya uchizi usoni. Walimsalimu vizuri, wakampisha kiti.

"Mshauri anazungumza nao, daktari anawapima damu, mimi nawapangia sahani," Bwana Lishe alimwambia walipotoka. "Lakini kijiko kikiwa hewani, hapo hakuna dawa. Nataka mtu wa kukaa nao. Ule wanachokula, chote. Wakiona umebakisha, siku hiyo tumekwisha."

Maneno hayo ya mwisho aliyashika kama amri.

Chumba cha kulia kilikuwa na meza iliyotandikwa plastiki ya maua, viti saba, na dirisha lililotazama kamba za kuanikia mashuka. Sinki la pembeni lilizibwa kwa ubao ili mtu asipate pa kumwagia maziwa. Mizani ilikaa chumba cha pili, na wagonjwa walipimwa wakiwa wameipa mgongo, wasione namba. Baada ya kula walikaa pamoja saa nzima, hakuna kwenda msalani peke yako.

Wiki ya kwanza alivuruga. Alimwona msusi akizungusha kijiko, akamwambia kwa huruma zote za mama, "Kula mwanangu, kuna watu wanalia njaa." Msichana alitokwa na machozi, akasukuma sahani, na siku ile hakugusa kitu tena. Bwana Lishe alimvuta koridoni. "Mama, huyu tayari anajichukia. Usimwongezee sababu."

Basi akajifunza. Akajifunza kutosema "umependeza, umenawiri," maana masikioni mwao hilo lilikuwa tusi. Akajifunza kuzungumza mambo mengine kabisa: ugomvi wa mzee wake na jogoo wa jirani, mwanamke aliyekuja kupimwa macho akakaa foleni ya meno. Akajifunza pia hila zao zote. Mkate uliingia kwenye mkono wa sweta. Siagi ilipakwa chini ya ukingo wa sahani. Wali ulifungwa ndani ya karatasi ya kufutia midomo, na karatasi ikaingia mfukoni. Aliziona, hakupiga kelele, alisogeza tu sahani nyingine taratibu na kusema, "Hiki kilianguka, mwanangu. Tuanze upya."

Mwalimu aliletwa mwaka wa nne wa kazi hiyo. Alifundisha hesabu, alikuwa na miaka thelathini na minne, na alianguka mbele ya darasa akiwa na chaki mkononi. Aliyemleta ni kaka yake, dereva wa lori, mtu wa kifua na sauti.

"Kwetu chakula hakijawahi kukosekana," kaka mtu alilalamika mapokezi. "Ni jeuri tu hii. Mgonjwa haulizwi uji. Mpeni ale, mpeni hasa, nije nimchukue."

"Hapa uji anaulizwa, ndugu yangu," Bwana Lishe alimjibu. "Mwili uliokaa na njaa muda mrefu hivi, ukiushindilia chakula mara moja, moyo unaweza kusimama. Tutaanza na kidogo, tutapima damu, tutaongeza. Ni miezi, si siku."

Kaka mtu alimtazama dada yake, ambaye sweta mbili hazikumjaza, kisha akatoka nje akasimama karibu na lori lake kwa muda mrefu bila kuliwasha.

Siku mbili Mwalimu hakusema neno mezani. Siku ya tatu alimgeukia Nusu Saa. "Mama, kwa hili wanakulipa?"

"Wananilipa."

"Na wasingekulipa?"

"Ningekula nyumbani, na mzee wangu angenihesabia matonge."

Mdomo wa Mwalimu ulitaka kucheka, ukakumbuka, ukaacha. Akatazama bakuli lake. "Nitakula wewe ukila. Kijiko kwa kijiko. Siku utakayoacha, naacha."

"Mimi sijaacha chakula tangu nizaliwe," Nusu Saa alisema kwa majigambo. "Utachoka wewe."

Na kweli wakaenda hivyo. Yeye akiinua kijiko, Mwalimu aliinua. Yeye akitua, Mwalimu alitua. Siku nyingine bakuli la uji liliwachukua nusu saa na nusu saa nyingine juu yake, wote wawili uji umewapoa, na Nusu Saa akameza uji baridi bila kukunja uso. Mwezi wa pili majibu ya damu yakaanza kutulia. Mwezi wa tatu nywele zikaacha kubaki kwenye kitana. Mwalimu akaanza kusahihisha hesabu za wauguzi kwenye karatasi za zamu, akamwagiza kaka yake daftari za wanafunzi wake. Asubuhi moja alimaliza mkate na siagi, akasogeza kikombe, akasema, "Naomba sukari kidogo." Bwana Lishe alikuwa amesimama mlangoni. Alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Siku ile ile akaanza kuandika mpango wa kumruhusu nyumbani: mlo gani saa ngapi, nani akae naye, dalili gani wazitazame.

Nusu Saa alirudi nyumbani siku hiyo akiimba. Alikuwa amezaa watoto wawili, wote wakahamia mbali, na simu zao zilikuwa za salamu na kwaheri. Hakukumbuka lini mara ya mwisho mtu alimtegemea hivi, mtu akingoja mkono wake unyanyuke ndipo naye anyanyue wake.

Kumbe wakati huo mwili wake ulikuwa unamdai. Kiu ilianza kumbana, kiu ya kumaliza jagi na kutamani jingine. Macho yakawa yanaingia ukungu. Kisha kiatu kikamchubua kidole cha mguu wa kushoto, mchubuko mdogo usiostahili hata kutajwa, nao ukakataa kupona. Akashuka kliniki ya chini, kwenye jengo lile lile, akiwa amejifunga mtandio mpaka kwenye nyusi kama mtu anayekwenda kuiba.

"Ni sukari, mama," daktari alimwambia. "Na imepanda sana. Vidonge hivi asubuhi na jioni. Wali, mkate, uji, vyote upunguze, tena upunguze kweli. Chai bila sukari. Ukipuuza, mguu huu utakuja kuniuliza swali nisilopenda kulijibu."

Alitoka na karatasi ya chakula mkononi. Ilikuwa imeandikwa na nani kama si Bwana Lishe mwenyewe, miaka ya nyuma, kwa ajili ya kliniki ile. Angepanda ngazi moja tu akamwambia. Lakini alisikia tena yale maneno, ule chote, ukibakisha tumekwisha. Alijiona akipewa mkono wa kwaheri na kiti chake akakalia mwingine, na Mwalimu akimtafuta kwa macho. Akasema moyoni, wiki tatu tu, aruhusiwe kwanza, ndipo niseme.

Nyumbani akaacha kula kabisa jioni, ili afidie. Mume wake aliuliza, "Umeshiba kazini tena?" naye akaitikia. Mezani aliendelea na kijiko kwa kijiko. Kidonda kikapanuka. Siku moja baada ya mlo ngazi zilimzunguka akashika ukuta, na hapo hofu ikamwingia hasa.

Ndipo akaanza kufanya lile alilolijua kuliko mtu yeyote katika jengo lile, isipokuwa wagonjwa wenyewe. Kipande cha mkate kikaingia mfuko wa aproni. Wali ukajikunja ndani ya karatasi. Kijiko kikazunguka kikarudi kinywani na maharage mawili. Alikuwa na walimu sita wa kumfunza, na alikuwa amehitimu.

Siku nne alifanikiwa. Siku ya tano, mchana, katikati ya habari za jogoo wa jirani, Mwalimu alitua kijiko. Alikitua polepole, sambamba na ukingo wa meza, kama anavyopanga vitu mtu wa hesabu.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu asiyetaka kumwaibisha mwenzake. "Mfuko wa aproni yako unavuja."

Nusu Saa alitazama. Mchuzi wa maharage ulikuwa umepenya kitambaa, doa la ukubwa wa kiganja. Msichana mmoja, ambaye alikuwa arudi kwao Jumatatu, alifunika mdomo kwa mkono.

"Ni sukari," Nusu Saa alisema. "Ninaumwa sukari, wanangu. Daktari amenikataza. Si kama... mimi si..."

"Si kama sisi," Mwalimu akamalizia.

"Sikusema hivyo."

"Kila mmoja hapa ana sababu yake, mama. Hata mimi nilikuwa nayo, na ilikuwa nzuri kuliko yako." Hakuwa na hasira. Hasira ingekuwa afadhali. "Mimi nilikuamini kwa kitu kimoja tu, kwamba wewe huogopi. Kumbe umekaa hapo unaogopa kama mimi, na unanidanganya kwa hila zangu mwenyewe."

Akasukuma sahani mpaka katikati ya meza. Nusu saa iliisha, ikaisha na nyingine, hakuigusa.

Bwana Lishe alisikia yote ofisini kwake, mlango umefungwa. Kisha alisema, na haya ndiyo maneno yaliyomkaa mama huyu kuliko hata ya Mwalimu: "Ungeniambia tu. Ningekupangia sahani yako. Ningewaambia wote pale pale, mwili wa mama una ugonjwa huu, chakula chake ndicho hiki, na yeye anakula chake chote kama ninyi mnavyokula chenu. Wangeelewa, mama. Pengine ingewasaidia."

"Uliniambia nikibakisha tumekwisha."

Kijana alivua miwani. "Nilisema hivyo," alikiri. "Ni kweli, nilisema."

Wakakaa hapo wote wawili, kila mmoja na fungu lake, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumpunguzia mwenzake.

Mwalimu hakurudi kula. Walijaribu yote wanayojaribu: mshauri alikuja mara mbili kwa siku, maziwa yakachanganywa na virutubisho, Nusu Saa akakaa mezani na sahani yake mpya ya mboga na yai huku akiila waziwazi mpaka mwisho. Mwalimu alikuwa na adabu. Alisema asante, akanywa robo kikombe, akatua. Wiki ya pili alimwita kaka yake, akasaini karatasi ya kuondoka kwa hiari yake. Bwana Lishe alimfuata kaka mtu mpaka mlango wa lori.

"Usimchukue, ndugu yangu. Moyo wake bado."

"Yeye ni mtu mzima, daktari. Amenipigia magoti. Dada yangu hajawahi kunipigia magoti."

Nusu Saa alichukua ule mpango wa nyumbani ulioandikwa siku ya mkate na siagi, akaenda nao kwa kaka mtu siku ya mapumziko yake. Alichechemea, maana kidole kilikuwa kimefungwa bandeji nene. Mke wa dereva alimpokea vizuri, akampeleka chumba cha nyuma. Mwalimu alikuwa ameegemea mto, daftari za wanafunzi mapajani, kalamu nyekundu mkononi. Juu ya stuli palikuwa na bakuli la uji uliokwishafanya ngozi.

"Shikamoo, mama. Umepata taabu kuja."

"Marahaba. Nimekuja kula na wewe."

Alifungua kibakuli chake akala. Mwalimu alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtoto anayekosea hesabu rahisi, kisha akachukua kijiko, akala vijiko vitatu vya uji. Nusu Saa alihisi machozi yakimpanda. Cha nne hakikuja.

"Mama, sikukasirikii," Mwalimu alisema. "Nataka ujue. Nilipokuona na ule mfuko, nilijisikia nimepumzika. Kama mtu aliyekuwa anashikilia mlango usifunguke, akaambiwa sasa achilia."

"Ushikilie tena. Nitakusaidia kuushika."

"Mikono imechoka."

Alikwenda kila Alhamisi, wiki sita. Vijiko vitatu vikawa viwili. Wiki ya tano walimrudisha hospitali kwa amri ya daktari, wakamtundikia dripu, na siku mbili baadaye akaing'oa akataka nyumbani. Alhamisi ya saba Nusu Saa alikata kona akaona viti vimetolewa nje na watu wamekaa kimya. Alijua. Hata hivyo aliendelea kutembea, kibakuli mkononi, kwa sababu hakujua la kufanya zaidi ya kutembea. Moyo ulikuwa umesimama mchana, Mwalimu akiwa usingizini, na daftari saba zilibaki bila kusahihishwa.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hawakusema kwamba kifo chenyewe kinaweza kukosea mlango.

Kwenye mazishi watu walinong'ona: kufa njaa na chakula kipo ndani, hiyo ni laana gani? Baada ya watu kupungua, Nusu Saa alimfuata kaka mtu nyuma ya nyumba. Dereva alikuwa amekaa juu ya tairi, mikono mikubwa imelegea katikati ya magoti.

"Baba, nina neno la kukwambia. Kule hospitali, mimi..."

"Najua, mama." Alisimama, akamshika mkono ule uliokaza kwa mikono yake yote miwili. "Ananiambia kila siku. Alikuwa ananiambia. Wewe ndiye uliyemlisha. Katika watu wote, alikula kwa mkono wako. Mungu akulipe."

Nusu Saa alifungua mdomo aseme ukweli. Akaiona ile sura, sura ya mtu ambaye amebakiwa na kitu kimoja tu cha kushika, akashindwa kumnyang'anya. "Amina," akasema. Akarudi nyumbani na shukrani isiyo yake, na tangu siku hiyo hakujua aiweke wapi.

Kidole kilikatwa mwezi uliofuata, na cha pili yake baadaye. Bwana Lishe alikuja kumwona wodini, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Meza inakungoja, mama. Nimebadilisha utaratibu. Kila anayekaa pale ana sahani yake, na sababu yake inasemwa wazi."

"Umefanya vizuri, mwanangu."

"Basi utarudi?"

"Hapana."

Kijana alikaa kidogo, akaondoka, na mmoja wa wauguzi alisema alionekana kwenye ngazi amejiegemeza ukutani, kalamu zimemwagika.

Wakamrudisha jikoni, kazi ya kuketi: kumenya viazi kwa mkono mzima, na kupokea sahani zinazoshuka kutoka wodini. Nyumbani anakula kilichoandikwa kwenye karatasi, kwa saa iliyoandikwa, wala hajui kama kina chumvi au hakina. Mzee wake ameacha ule mzaha. Alijaribu mara moja kuurudia mbele ya mgeni, akafika katikati, akamwona mkewe, akajikoholesha.

Juu kuna mama mwingine sasa, ambaye Nusu Saa hajawahi kuonana naye. Mchana toroli likishuka, Nusu Saa husogeza ndoo ya mabaki, achukue sahani moja moja, akwangue. Nyingi huja zimeliwa. Juzi moja ilishuka nzima, wali haujaguswa, kijiko kimelazwa pembeni kikavu. Hazina majina sahani hizo. Aliishika mpaka msukuma toroli akamuuliza kama ana tatizo, akasema hapana, akaikwangua ndooni.